Mashine ya Kaunta

Jumapili, 3 Agosti 2025

Ile taarifa imetokea tena, safari hii imefunika skrini nzima katikati ya kazi ya mtu. Inasema Windows 10 haitapata tena masasisho ya usalama baada ya tarehe 14 Oktoba. Siku ya kumbukumbu ya Mwalimu, kumbe na huku kuna msiba. Mteja alikuwa amesimama anasubiri barua yake ya kuomba kiwanja. Akauliza, "Dada, imekufa?" Nikamwambia haijafa, inaaga.

Usiku nimesoma masharti ya Windows 11. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Hii yangu ni i5 ya kizazi cha tatu, ya 2012, RAM GB 4, imeingia nchini na mzigo wa mtumba ikiwa imeshastaafu kwenye ofisi za watu. Haivuki. Bei za laptopu nilizoulizia Tanga mjini sitaki hata kuziandika humu.

Najua haitazima ikifika tarehe 15. Kopi zitatoka, barua zitachapwa. Lakini mashine hii inachomekwa flashi za Muheza nzima: walimu, watendaji wa vijiji, wanakwaya, vijana wa mikopo ya chuo. Flashi ya mtu mmoja ikiugua asubuhi, jioni wameugua wengi, na wote wataulizana walipita wapi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, steshenari imefungwa. Mtoto wa kaka amekuja, yuko likizo kutoka chuoni Dodoma. Shikamoo shangazi, marahaba baba, chai haijapoa tayari yuko kwenye kompyuta.

Anasema niweke Linux Mint. Jina la Linux nililisikia zamani, nikadhani ni la watu wa benki na mitambo ya simu. Anasema huko lipo kweli, na limo pia ndani ya simu yangu, maana Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kiini hicho alikianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, umri miaka 21. Vingi vinavyokizunguka vilitoka kwenye mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza Marekani mwaka 1983. Baada ya hapo watu wakaanza kufungasha kila mmoja kwa namna yake. Debian ikaja 1993. Juu ya Debian, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akajenga Ubuntu, 2004. Juu ya Ubuntu, Mfaransa Clement Lefebvre akajenga Mint, 2006. Nimeyaandika haya yote kwa sababu nilitaka kujua wa kulaumiwa ni nani.

Nikamuuliza: bure kwa nini? Cha bure nakiogopa. Fundi wangu hupiga Windows kwa elfu ishirini, na hata hiyo si halali. Yale maandishi hafifu ya pembeni, kwamba haijasajiliwa, yamekaa pale hadi nimeyazoea kama kalenda ya mwaka jana.

Akanieleza leseni. Inaitwa GPL. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia programu, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadili na kuigawa, ila akiigawa lazima anayempa apate haki zilezile. Kampuni kubwa zinawalipa wahandisi waandike kiini kwa sababu seva zao zenyewe zinakitegemea. Mint yenyewe inaishi kwa michango ya watumiaji na wadhamini. Hapo nikatulia kidogo. Mchango naujua, kamati ipo, hesabu inasomwa, na asiyetoa naye anakula pilau.

Alitaka aniwekee leo leo. Nimekataa. Miaka yote fundi anageuza skrini upande wake, anabonya anavyojua, ananirudishia mashine na siri zake. Nimemwambia: wewe utakuwa kwenye simu, vidole vitakuwa vyangu.

Jumapili, 10 Agosti

Mint ipo ya namna tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Tofauti ni sura na uzito. Kwa RAM GB 4 kijana amesema Xfce. Toleo la sasa ni 22.1, jina lake Xia. Kumbe karibu matoleo yao yote yana majina ya kike yanayoishia na a: Ada ndiye wa kwanza, kisha kina Julia, Maya, Nadia, Rosa, Wilma. Kwaya ya akina mama kabisa.

Faili linakaribia GB 3. Nimenunua bando la usiku, nikaamka saa saba kuanza kupakua. Kijana alinikataza kupakua moja kwa moja kwa kivinjari. Alitaka nitumie torenti, ambayo mtandao ukikatika inaendelea pale ilipoishia. Mtandao ulikatika, naam. Ukarudi, ikaendelea. Mtandao wetu huu, sijui kwa nini watu hawafundishwi hili mapema.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimehakiki faili. Kwenye ile skrini nyeusi ya Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na inakutolea mstari wa herufi na tarakimu 64. Unaulinganisha na mstari uliotolewa na wenye Mint. Ikitofautiana hata herufi moja, faili si lile. Torenti nayo hujihakiki yenyewe, lakini kijana alisisitiza.

Nilimwambia huu ni ushamba wa watu wenye muda. Akanisimulia ya Februari 2016: mtu aliingia kwenye tovuti ya Mint, akageuza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kiende kwenye faili lake lililotiwa mlango wa nyuma. Waliopakua siku hiyo tarehe 20 bila kulinganisha walijiwekea mwizi ndani kwa mikono yao. Wenye Mint walilitangaza wenyewe kesho yake.

Nimelinganisha herufi zote 64, kwa rula, kama napitia orodha ya mahudhurio. Zimelingana.

Jumatano, 13 Agosti

Baada ya kufunga nimeandika lile faili kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Etcher. Kulinakili tu haitoshi. Linatakiwa kuandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuwakia humo. Kisha kuzima, kuwasha, na kugonga F12 kabla nembo haijapotea. Kidole kiwe chepesi. Ikaja orodha, nikachagua flashi.

Na ikawaka. Hiki ndicho nilichokipenda kuliko vyote: mfumo mzima unaendeshwa kutoka kwenye flashi na kwenye RAM, diski haijaguswa. Unaweza kuzungukazunguka, kufungua mafaili, kujaribu printa, kisha ukazima na Windows ikarudi kama hakuna aliyepita. Fundi gani anakuachia ujaribu kwanza?

Nilichokagua:

Skrini, sauti, kipanya, sawa. Kibodi: kwenye orodha ya lugha wamo Swahili wa Kenya na Swahili wa Tanzania, kila mmoja na mstari wake. Nimechagua ya Kiingereza cha Marekani kwa sababu ndivyo vitufe vyangu vilivyoandikwa, lakini nilifurahi kutuona.

Printa kubwa ya kopi: niliichomeka, ikajiandikisha yenyewe, ikachapa. Bila CD. Nilikaa nikaitazama ile karatasi.

Printa ndogo ya wino, ya picha za pasipoti: kimya.

Wi-Fi: hakuna. Haimo hata kwenye orodha. Kijana kasema kadi ya ndani ni ya kampuni inayoficha jinsi vifaa vyake vinavyozungumza, kwa hiyo draiva yake haiwashwi hadi mwenye mashine aikubali. Dawa ya muda: simu kwa waya wa kuchajia, washa kushiriki mtandao kwa USB. Mtandao ukaja hapohapo. Kisha kuna dirisha la kusimamia draiva. Nilipokubali, Wi-Fi ikaonekana. Ila kwa kuwa naendesha kwenye flashi, nikizima inasahau. Nitarudia nikishasakinisha.

Jumapili, 17 Agosti

Siku yenyewe. Nimechagua Jumapili kwa sababu hakuna wateja na kwa sababu umeme wa wiki hii umekuwa wa mashaka. Betri ya laptopu inakaa dakika kumi, na kijana alionya kwamba umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, ninaweza kupoteza vyote. Kwa hiyo asubuhi nikaenda kuazima kile kibetri cha akiba cha jirani wa saluni, kinachobeba kompyuta kama nusu saa umeme ukienda. Malipo yake ni kopi za kadi za bei ya kusuka hadi Desemba. Sawa.

Kwanza kunakili mafaili yote kwenda diski ya nje. Hapo ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko kusakinisha kwenyewe. Miaka ya barua za watu! Wosia, mikataba ya kupangisha, talaka mbili, katiba za vikoba, ratiba za mazishi, mitihani ya darasa la nne, kadi za send-off za mabinti ambao sasa wananiletea vyeti vya watoto kuzaliwa. Nimefuta nyingi ambazo sina sababu ya kuwa nazo. Sikuwahi kufikiri kwamba kaunta yangu ina siri nyingi kuliko ofisi ya kata.

Kisha kuzima Windows kwa kushikilia Shift. Bila hivyo Windows haizimi sawasawa, inajilaza ili kesho iwahi kuamka, na diski inabaki kama imefungwa. Mfumo mwingine ukiigusa unaweza kuiharibu.

Kisha flashi, F12, na alama ya kusakinisha kwenye skrini. Lugha, kibodi, ruhusa ya kuweka draiva na kodeki za muziki na video. Halafu ukurasa ambao nilikuwa naungoja kwa hofu. Unauliza: uweke Mint pembeni ya Windows, ufute diski yote, au ugawe mwenyewe?

Nilikaa pale. Kijana kwenye simu alinyamaza, Mungu ambariki, hakunisukuma. Fundi hufuta kila mara, hajawahi kuniuliza. Ndiyo maana kila alipoondoka nilikuwa natafuta picha zangu. Sasa swali liko mbele yangu, na jibu lolote nitakalotoa, hakuna wa kumpigia simu kumgombeza.

Nimechagua pembeni. Ikanionyesha diski kama utepe, upande mmoja Windows, upande mwingine Mint, na mpaka katikati unaoburuzwa. Mwongozo unasema GB 20 zinatosha, 100 ndiyo raha. Nimeipa 150. Ikauliza kama nina hakika, kwamba mabadiliko haya yakishaandikwa hayarudi. Nikasema Bismillahi, nikabonya.

Ramani ya dunia ikaja, niguse nilipo ili saa iwekwe. Nikaandika Dar es Salaam. Kisha jina langu, jina la mashine na nywila. Mashine nimeiita kaunta.

Nywila nimeiandika kwenye karatasi na kuifungia kwenye kasha la stakabadhi, maana kijana amesema huku nywila ndiyo ruhusa ya kila kitu. Programu haiingii kimyakimya kama kule. Lazima mwenye mashine atie nywila yake kwanza.

Umeme ulikatika. Mstari wa maendeleo ulikuwa umepita nusu. Kibetri kikaanza kulia, pii, pii, pii, na mimi nikasimama katikati ya duka giza nimeshika simu kama tochi. Ikaendelea. Ikamaliza. Ikaniambia nizime, nichomoe flashi, nibonye Enter. Umeme ulirudi jioni, mimi nimeshakula.

Inapowaka sasa inauliza kwanza: Mint au Windows? Sekunde chache, usipojibu inaingia Mint.

Jumatatu, 18 Agosti

Wateja hawakugundua. Mmoja alisema nimebadilisha picha.

Mchana niliingia Windows kutafuta faili, nikaona saa imerudi nyuma. Nje ni saa tano, yenyewe inasema saa mbili. Nikafikiri betri ndogo ya ndani imekufa. Kijana alicheka sana. Ndani ya kompyuta kuna saa moja ndogo inayoendelea hata ikiwa imezimwa. Linux inaiweka kwa saa ya dunia, UTC, halafu inaongeza yenyewe saa zetu tatu. Windows inaisoma ilivyo na kuamini ndiyo saa ya hapa. Kwa hiyo kila moja inamharibia mwenzake. Amri ya kusuluhisha ni moja, timedatectl set-local-rtc 1, na nimeiandika kwenye terminali mwenyewe. Mtu wa London kipindi cha baridi hataliona tatizo hili.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku nzuri kuliko zote hadi sasa, nami lazima niiandike yote.

Mwalimu wa Jiografia kaja mbio na mtihani wa mazoezi wa kidato cha nne, uchapwe nakala za darasa zima kabla ya saa nane. Kachomeka flashi kwenye kompyuta ya shuleni, kaona makabrasha yake yote yamegeuka njia za mkato, akibonya hakuna kitu. Tunaujua ugonjwa huu. Kila steshenari inaujua. Virusi vinaficha makabrasha halisi, vinaweka alama za uongo zenye majina yaleyale, na ukibonya ile ya uongo unaviamsha kabla hujafunguliwa faili. Kwenye Windows mimi ningeifungua ile skrini nyeusi na kuandika zile amri za kufichua, huku najua mashine yangu nayo imeshaguswa.

Nimeichomeka kwenye Mint. Makabrasha yote yapo, wazi, kama hayakuwahi kufichwa, kwa sababu ile alama ya kuficha inayowekwa na Windows haitiliwi maanani huku. Pembeni yake zimejipanga zile njia za mkato za uongo na kijifaili kimoja chenye jina la ajabu, vyote vimelala tu. Vimeandikiwa Windows; hapa havina pa kushika. Nimevifuta kwa mkono mbele yake. Mwalimu kauliza nimeweka antivirusi gani.

Nisijidanganye, Linux nayo ina maradhi yake na ina watu wanaoitafuta, hasa kwenye seva. Lakini uchafu unaotembea kwenye flashi za hapa Muheza haujaandikwa kwa ajili yake, na mimi kazi yangu ni flashi za hapa Muheza.

Mtihani umetoka saa saba na nusu. Mwalimu kalipa taslimu, jambo ambalo pia linastahili kuandikwa.

Jumapili, 24 Agosti

LibreOffice badala ya Word. Barua, mikataba, CV, hakuna shida. Fonti ya Times New Roman haimo, ila inawekewa badala yake Liberation Serif yenye upana uleule wa herufi, kwa hiyo kurasa hazihami. Calibri nayo ina mwenzake, Carlito. Majedwali yenye seli zilizounganishwa hovyo ndiyo yanayoyumba, hasa yale ya maofisini ambayo hata kwenye Word yalikuwa yamejengwa kwa kugonga nafasi.

Kilichonishangaza ni kamusi. Miaka yote nachapa Kiswahili juu ya mistari myekundu, kila neno kosa, hadi macho yanajifunza kutoyaona; na kosa la kweli likiingia humo nani atalijua? Huku nimeweka kamusi ya Kiswahili cha Tanzania, nikafungua risala ya jana, wekundu ukabaki kwenye majina ya watu na maneno mawili ambayo kweli niliyakosea. Kamusi si kamilifu, baadhi ya vitenzi virefu inavikataa. Kijana anasema kazi hii ina wazee wake: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, ulitoa OpenOffice nzima kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. 2004! Mimi mwaka ule nilikuwa nachapa kwa taipureta na karatasi ya kaboni, wala hakuna aliyekuja kuniambia.

Jumanne, 2 Septemba

Kadi za harusi. Hapa Mint imeshindwa, na niandike bila kuionea haya.

Kazi zangu zote za kadi za michango ziko kwenye Publisher, na Publisher haipo huku. LibreOffice inazifungua, kweli, kupitia sehemu ya Draw, lakini maua yamehama, jina la bwana harusi limepanda juu ya pete, mistari ya dhahabu imekuwa kahawia. Mama wa bibi harusi alikuwa amekaa kwenye benchi ananitazama. Nikawasha upya nikaingia Windows, nikamaliza.

Kijana anataka nijifunze Scribus na Inkscape. Nimeifungua Scribus usiku huu. Inataka mtu aliyepumzika. Na hata hivyo kuna sababu ya kujilazimisha: Publisher yenyewe imetangazwa kusitishwa Oktoba 2026. Kadi zangu zitakuwa yatima kokote nitakakokuwa. Basi nitafanya hivi: Windows ibaki kwa ajili ya kadi tu, na nimeizimia mtandao kabisa. Kila kadi mpya nitaianza Scribus, taratibu.

Jumamosi, 6 Septemba

Printa ndogo. Mitandaoni kila mtu ana dawa yake na nyingine ni za mwaka 2013. Mwishowe ilikuwa rahisi: kampuni yake ina draiva ya Linux kwenye tovuti, faili la deb, unalibonya mara mbili, unatia nywila, basi. Mpangilio wenyewe unafanyika ndani ya kivinjari, unaandika localhost:631 na unaingia kwenye CUPS, ambayo ndiyo inayoratibu uchapaji wote. Mac nazo zinatumia hiyohiyo. Pale naona kila kazi iliyopita, ya nani, kurasa ngapi, iliyokwama na kwa nini. Kule nilikuwa napigana na printa iliyokwama kwa kuizima na kuiwasha na kusali.

Picha za pasipoti zinatoka. Bluu imezidi kidogo, watu wanaonekana wamepoa. Njia ya kusafisha vichwa vya wino kwa kutumia kompyuta sijaiona huku. Inabidi kwa vitufe vya printa yenyewe.

Jumapili, 14 Septemba

Limetoka toleo jipya, 22.2, Zara. Taarifa imekaa pembeni chini, ndogo, haijafunika chochote. Inanisubiri niseme.

Kabla ya kusema ndiyo nimewasha Timeshift, inayopiga picha ya mfumo mzima ili mambo yakiharibika urudi ulipokuwa jana. Haihifadhi mafaili ya wateja, hayo ni juu yangu na diski ya nje. Kisha nikasasisha, chai mkononi. Hadi 2029 toleo hili la 22 litaendelea kupewa masasisho. Sina hakika laptopu itafika, bawaba zake zimeanza kulia.

Ijumaa, 26 Septemba

Fundi kapita. Kasimama, katazama skrini, kauliza nani kanipigia hii. Nikamwambia. Kauliza tena.

Hakukasirika, ni mtu mwema. Alisema Linux ni nzuri ila siku ikigoma nitahangaika, kwa sababu mafundi wa hapa hawaijui. Hilo ni kweli na sikulibishia. Wiki iliyopita baada ya kusasisha, sauti ilipotea, nikapoteza jioni nzima natafuta hadi nikakuta imehamia kwenye waya wa televisheni ambao haupo. Kwa Windows ningemwita, angekuja kesho, angechukua elfu tano. Sasa nimeokoa elfu tano nikalala saa sita usiku. Kila mtu apige hesabu ya usingizi wake.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku ya Mwalimu. Duka limefungwa lakini nimefungua mlango mmoja kwa sababu ya ustadhi wa madrasa. Kasikia, sijui kwa nani. Amekuja na kijilaptopu kidogo cha watoto, kimefungwa kwenye kanga, cha msaada wa miaka mingi iliyopita. Anataka vijana wajifunze kuchapa. Windows yake ni ya kale hata haifungui tovuti.

Nimekiwasha nikaangalia ndani kabla ya kuahidi kitu. Prosesa ni Atom N270, ya biti 32, na RAM ni GB 1. Mint ya kawaida haikubali, ni ya biti 64 tu. Debian 13 iliyotoka Agosti nayo imeacha kutoa kisakinishi cha biti 32. Kwa upande wa Mint kilichobaki ni LMDE 6, Faye, ambayo ni Mint iliyojengwa moja kwa moja juu ya Debian 12. Ile ina faili la biti 32. Lakini inataka RAM GB 2, na GB 2 ndicho kikomo cha bodi hii, kipande kimoja cha DDR2.

Ustadhi kauliza gharama. Nimesema bando na RAM, kazi yenyewe nitaitoa. Faye naanza kuipakua leo usiku, saa saba. DDR2 ya laptopu madukani haipatikani tena, kwa hiyo asubuhi nitapita kwa fundi. Ana ndoo nzima ya vipande alivyong'oa kwenye mashine za watu, na najua atataka bei ya dukani.